Kuku Alitembea Kabla Yangu

Ni mguu wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu watu huniuliza, nikawajibu, wakasahau, wakauliza tena. Umekatwa juu ya goti. Nina miaka thelathini na saba, nauza machungwa ya jumla Muheza, na hadi mwaka juzi nilikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya akina mama wa sokoni. Timu inaitwa Ndimu Kali. Jina tulijipa wenyewe kabla wanaume wa stendi hawajatupa baya zaidi.

Aliyenitaka niandike ni dada wa chumba cha mazoezi, pale wanapotufundisha kutembea upya. Aliniambia, "Vero, weye mdomo unao. Waandikie wenzio wanaolia kwenye benchi la nje." Nikamwambia mimi si daktari, siwezi kumweleza mtu mfupa unavyounga. Akasema madaktari wa kueleza wapo, anayekosekana ni mtu aliyelikalia lile benchi. Basi kwa benchi sina mpinzani.

Mambo yenyewe yalianza kwa furaha, nayo sitaki kuipunja. Ilikuwa Jumamosi na Jumapili ya bonanza, mwezi wa sita, machungwa yameanza kuiva na kila mtu ana nguvu. Uwanja ulikuwa wa shule, nje ya mji wa Tanga, kwenye barabara ya kwenda Horohoro. Wanaume walikuwa na mpira wao wa miguu, wazee walivuta kamba, watoto walikimbia ndani ya magunia, na sisi tulichezea magoli mapya yaliyochomelewa na mume wangu, Elias, ambaye ni fundi wa mageti na madirisha. Ilikuwapo timu ya Pangani, timu ya walimu, na hata akina mama waliovuka mpaka kutoka Kenya, wanaocheka kuliko wanavyocheza.

Senta wetu alikuwa Mwanaidi. Huyu tulipakana sokoni miaka minane, yeye nazi na viungo, mimi machungwa. Alikuwa Mdigo, mfupi, mwepesi, na ulimi wake ungeweza kumenya muhogo. Babu yangu aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge enzi za manamba, vibarua wa mkataba, nami nimerithi urefu wake, kwa hiyo Mwanaidi hakuwahi kuniita Vero. Aliniita Mnara. "Mnara, simama hapo chini ya goli usitembeetembee. Mpira nitakuletea miye." Na kweli aliuleta. Jumapili tuliwafunga walimu kwa tofauti ya mabao mawili, na yote mawili yalitoka mikononi mwake kuja mwangu.

Zawadi ilikuwa masufuria saba, moja ndani ya jingine, na lile la nje lilikuwa la kupikia pilau ya harusi. Mwanaidi alilivaa kichwani akazunguka nalo uwanja mzima. Mtu hakuona uso wake, aliona sufuria lenye miguu linacheza.

Tulirudi na gari mbili za kukodi. Mvua ilikuwa imenyesha alasiri, ile ya ghafla, kisha jua likatoka. Mwanaidi alikaa ubavuni mwangu amelipakata sufuria lake, analipiga kama ngoma, sote tunaimba. Mbele kulikuwa na lori lililoharibikia kwenye kona. Wenye lori walikuwa wameweka matawi ya majani barabarani, kama ilivyo kawaida, ili anayekuja ajue kuna gari limekufa apunguze mwendo. Mvua ilikuwa imeyasomba matawi yote mtaroni. Dereva wetu aliliona lori tukiwa tumeshafika. Simlaumu, naye ana makovu yake.

Nilisikia sufuria likilia mara moja. Kisha niko kwenye nyasi, mguu wangu umeangalia mahali ambapo mguu hauangalii. Sketi ya michezo ilikuwa imechanika yote. Wanawake wa nyumba za jirani, ambao sikuwajua na sijawaona tena, walivua kanga za mabegani wakasimama wamezishika pande zote, wakanifanyia chumba pale pale kando ya barabara. Mmoja alikuwa akirudia tu, "Pole mama, hakuna anayekuona, pole." Nimepewa dawa nyingi tangu siku hiyo, lakini nikitaja wema naanza na zile kanga.

Hospitali walinilaza chali, mguu ukivutwa na mfuko wa mchanga unaoning'inia mwisho wa kitanda. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya goti na ulichungulia nje. Wakaosha, wakashona, wakasema nitawekewa chuma ndani, nisubiri zamu ya kuingia chumba cha upasuaji. Mwanaidi alikuwa kitanda cha pili. Hakuwa na jeraha la kuonekana isipokuwa mkwaruzo kidevuni. Jumatatu tuliongea. Aliniuliza, "Mnara, sufuria yuko nalo nani?" Nikamwambia mimi hata mguu wangu sijui yuko nao nani. Akacheka, akashika tumbo, akasema nisimchekeshe, panauma.

Jumanne saa nne asubuhi, chai ikigawiwa, Mwanaidi alifariki. Walivuta pazia, wakaingia wengi, wakatoka mmoja mmoja bila kuangalia upande wangu. Kikombe chake cha chai kilibaki juu ya kabati dogo kati yetu mpaka mchana, kimefanya utando. Nilitaka nikiondoe, mkono haukufika. Hilo ndilo ninalolikumbuka, kwamba rafiki yangu amekufa na mimi siwezi hata kuondoa kikombe.

Alizikwa jioni ile kwao. Wali wa msiba ulipikwa kwenye lile sufuria, likiwa na bonde ubavuni. Wenzangu ndio walionihadithia, maana mimi nilikuwa nimefungwa kwenye mfuko wa mchanga.

Kusubiri zamu ni ugonjwa wa pili. Unaambiwa usile wala usinywe tangu jana yake, unaoshwa, unavishwa gauni la kijani linalofunguka nyuma, halafu saa saba mchana wanakuja kukuambia kula, kumeletwa mwingine aliye hoi kuliko wewe. Mara tatu nilivishwa gauni lile. Sikuweza hata kukasirika vizuri, kwa kuwa hao walioletwa niliwaona wakipitishwa, na kweli walikuwa hoi. Kitanda cha Mwanaidi kilikuwa kimepata bibi mmoja aliyeanguka kisimani. Alikuwa bibi mpole, na mimi nilimchukia kwa kulalia pale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya sita. Elias alikuwa amerudi Muheza kumwangalia binti yetu Neema na kumaliza geti la watu. Aliyeniuguza siku hiyo ni mama yangu mzazi, ambaye anaishi kambini, kwenye zile nyumba za zamani za wakata mkonge. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, nitoe hapa. Nipeleke kwa Mzee Shemdoe." Mzee Shemdoe ni fundi wa mifupa, anakaa mlimani, njia ya kwenda Amani, na nusu ya waliovunjika mikono Muheza wamepita kwake. Mama akasema, "Mwanangu, mumeo tumwambieje?" Nikasema atajua baadaye. Akasema madaktari wamesema chuma. Nikasema sitaki chuma, sitaki lile gauni, sitaki kile kitanda, nikibaki hapa nitamfuata Mwanaidi. Nililia mpaka bibi wa kisimani naye akalia.

Basi mama alitafuta gari. Muuguzi alitusihi, daktari alikuja akatusihi pia, akaeleza kwa upole kwamba palipochungulia mfupa paweza kuingia uchafu. Nikageukia ukutani. Ililetwa karatasi ya ndugu kusema wanamwondoa mgonjwa kwa hiari yao, na mama akaandika jina lake kwa zile herufi zake kubwa alizojifunza ukubwani, darasa la ngumbaru. Kwa hiyo kwenye karatasi aliyeniondoa ni mama. Mimi jina langu limo kama mzigo.

Mzee Shemdoe si tapeli, na asitokee mtu akasema nimeandika hivyo. Alinipokea vizuri, akanipa chumba safi. Alinyoosha mguu, akaufunga kwa vipande vya mianzi na majani ya dawa na vitambaa, juu na chini ya mahali paliposhonwa. Kisha akamwomba mama kuku. Mama alikuwa amekuja naye, tetea mweupe, maana desturi hiyo kila mtu wa huku anaijua. Fundi akamshika yule kuku, akamvunja mguu wa kushoto, naye akamfunga kwa vijiti na kitambaa kile kile. Akamweka kwenye kona ya chumba changu. "Huyu ndiye mwenzio," akaniambia. "Siku atakapotembea, nawe mfupa wako umeunga. Lakini usije ukamla. Wa kwako huyu mpaka afe mwenyewe."

Siku ya tatu Elias alifika. Alikuwa amekwenda hospitali na chupa ya uji, akamkuta mtu mwingine kitandani kwangu, akadhani nimekufa. Alikaa na wazo hilo kwa muda wa kutembea kutoka kitanda hadi meza ya wauguzi. Alipoingia chumbani kwa fundi alikuwa na vumbi la pikipiki usoni, na mistari miwili ya machozi imepita kwenye vumbi.

Mama akainuka akamwambia, "Karibu, baba." Elias huwa anaanza na shikamoo hata akiwa na homa. Siku hiyo alisema, "Nani kaamua hili?"

Mama akasema, "Mimi."

Akanigeukia. "Mama Neema, ni kweli?"

Nilimtazama yule kuku. Elias alichukua kimya changu akakijaza maneno aliyoyataka. Akauliza kama nataka kurudi hospitali, nikasema tungoje kidogo tuone, naye akaona wazi kwamba nimefundishwa la kusema. Akatoka bila kumuaga mama.

Alipokwisha kuondoka nilimwambia mama nitamweleza. Mama alikuwa anamlisha kuku chenga za mchele. "Hutamweleza," akasema. "Mguu huo hujui utakuwaje. Mume akikukasirikia leo, utakwenda kwa nani, ukitambaa? Mimi ni mama yako, sifukuziki. Niachie mimi." Nikamwachia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilichuma halafu nikamwachia mama ale peke yake.

Wiki zilipita tukitazamana, mimi na kuku. Sina namna nyingine ya kuzihesabu siku zile. Wiki ya kwanza alikuwa anakaa tu, kama mimi, anafunga macho mchana. Wiki ya pili alianza kurukaruka kwa mguu mmoja kufuata mchele. Wiki ya tatu alikanyaga. Kwanza ncha za kucha, kisha wayo wote, kisha akavuka chumba kutoka kona moja hadi nyingine. Mama alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa vyumba vingine wakaitikia. Mzee Shemdoe akaja akamwangalia kuku, akaniangalia mimi, akasema, "Haya, mwenzio kashatangulia."

Mimi nilikuwa najua. Siku kama tano kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kunusa harufu, tamu kidogo, kama embe lililosahaulika kapuni. Ilikuwa inatoka kwangu. Nilikuwa na homa inayokuja jioni na kuondoka. Badala ya kusema, nilimwambia mama anichomee udi, nikamdanganya kwamba majani ya dawa yananichefua. Mama akachoma udi asubuhi na jioni. Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilijua jibu, na jibu lilikuwa lile gauni la kijani. Nilikuwa nalala pale nasikia mguu wangu unaoza, natazama kuku anavyotembea, najiambia labda kesho. La kuvunda halina ubani, na methali hiyo niliisoma darasa la tano bila kujua inanihusu.

Fundi alipofungua vitambaa siku hiyo alirudi nyuma hatua moja. Akafunika tena polepole. Hakunificha kitu. "Mama," alimwambia mama yangu, "mfupa naujua. Usaha siujui. Huyu mrudisheni leo hii, na mseme mmetoka kwangu, msinifiche." Kisha akanigeukia, akaniuliza ni tangu lini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa muda mrefu, akasema pole. Hakudai ile fedha ya ahsante. Akamfunga kuku miguu, akampa mama amchukue.

Elias ndiye aliyekuja na gari. Alinibeba mwenyewe kutoka kitandani. Nilikuwa mrefu kwake siku zote, na siku hiyo alinibeba kama mtoto. Mama alikaa mbele na kuku wake miguuni, wala hawakusemezana njia nzima, na mimi nyuma nilisema kimoyomoyo nitamweleza tukifika Tanga, tukifika getini, tukifika wodini.

Daktari alikuwa yule yule. Hakusema nilikwambia. Nilimngojea aseme, hata nilikuwa nimeandaa jibu la ukali, akalikosa. Aliniambia sumu imeanza kupanda na kwamba kuna kuchagua kati ya mguu na mimi. Safari hii karatasi nilitia saini mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa nane, machungwa yenyewe ya Muheza yamefurika, na mtu wa sokoni anayekosa mwezi wa nane amekosa mwaka.

Nilipozinduka niliangalia shuka. Upande mmoja palikuwa na mguu, upande wa pili palikuwa tambarare. Nilipapasa kwa mkono. Sikulia siku hiyo. Nililia siku ya nne, waliponiletea ndala zangu mbili.

Waliuliza ndugu kama wanauchukua mguu. Elias alitoka nje akatapika. Mama aliuchukua, akausitiri kwa kitenge chake cha kwendea kanisani, akaenda nao kambini na kuuzika kando ya kaburi la babu. Alirudi kesho yake, kucha zina udongo mwekundu, akaniambia tu, "Nimeulaza pazuri."

Ninyi mlio wodini sasa hivi, kuna kitu hamtaamini mpaka kiwafike. Mguu usiokuwepo unawasha. Wa kwangu ulikuwa unawasha unyayoni, katikati, mahali ambapo hata ukiwa nao ni tabu kukuna. Nilimwambia Elias akanitazama kwa huruma ya kutisha, kama mtu anayemwangalia mwehu. Nikamwambia mama. Mama hakuuliza swali. Alisogeza kiti mwisho wa kitanda, akapeleka mkono pale ambapo unyayo ungekuwa, akakuna shuka. "Hapa?" Nikasema juu kidogo. "Hapa?" Nikasema hapo hapo. Na wallahi ukapoa. Mimi ni Mkatoliki, lakini wallahi ukapoa.

Lakini hao wawili walikuwa wanapokezana kama walinzi wa geti. Mama akiingia, Elias anatoka. Shikamoo hakumpa tena. Wauguzi waliona, wagonjwa waliona. Mkwe asiyempa mama mkwe shikamoo, huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa kuna nini. Mama alikuwa anamwachia uji umefunikwa, na Elias alikuwa anaula bila kusema umetoka wapi. Siku niliyoruhusiwa, alimwambia mama mlangoni, "Nyumbani kwangu nitamuuguza mwenyewe." Mama akasema sawa, baba. Akachukua kikapu chake. Nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mita moja nyuma yao, na mdomo wangu huu wote unaosifiwa haukufunguka.

Elias aliniuguza, siwezi kumdhulumu. Vuli ilikuja, matope yakajaa uani, na magongo kwenye matope ni msiba. Akamwaga zege kutoka mlangoni hadi chooni, akachomelea kiti cha chuma kukaa juu ya shimo la choo, na vishikio viwili pembeni. Nikimwona anapiga sandpepa vishikio visinikwaruze, roho ilikuwa inaniuma. Kila wema aliokuwa ananifanyia ulikuwa unamwongezea mama hatia. Alikuwa anasema, akikaza nati, "Mama yako angeniuliza mimi, mguu ungekuwepo." Nami nilikuwa nasema, "Mm."

Niliogopa. Nilikuwa naogopa ataondoka, basi. Mwanamke mwenye kigutu, anayeoga amekalia ndoo, anayeamshwa na maumivu ya vidole alivyozika mama yake, anahesabu watu alionao. Nilimhesabu Elias mara nyingi. Mama sikumhesabu, kwa kuwa alisema hafukuziki, kumbe alikuwa ameshafukuzwa. Alikuwa anampa Neema salamu aniletee, sokoni siku ya gulio, na mihogo, na mara moja ubani wa kanisani, anapita njia ya nyuma.

Kaskazi, jua kali, kigutu kilikuwa kinavimba kwa joto na bandeji inanuka jasho. Tulianza safari za kliniki ya viungo. Hapo ndipo lilipo benchi. Unafika alfajiri, unaweka kadi yako mezani chini ya jiwe, kadi zinapangana kwa kuwahi kwao, kisha unakaa. Niliketi hapo na kijana aliyeanguka mnazi, na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, kisukari kimemlia vidole vyote vya mguu. Huyu mama alikuwa anakuja na biskuti za kugawa benchi zima. Siku moja aliniuliza nani alinipeleka kwa fundi. Watu huuliza hivyo, wanatafuta wa kumlaumu ili wao wakae salama. Nikasema, kama nilivyozoea, "Mama."

Akashusha pumzi. "Maskini mama yako," akasema. "Analalaje huyo?"

Hakunilenga. Lakini biskuti ilinikwama, nikakohoa mpaka wakaniletea maji.

Mguu wa bandia niliupata masika imeanza. Una goti la kujikunja na unyayo wa rangi isiyofanana na mtu yeyote ninayemfahamu. Nilianguka mara nyingi. Dada wa mazoezi alinisimamisha kati ya vyuma viwili, akasema nisiangalie chini, niangalie ukutani. Siku niliyotoka mwanzo hadi mwisho bila kushika, watu wa benchi walipiga makofi, na mimi nilimfikiria kuku mweupe.

Nilimwambia Elias anipeleke kambini. Akakunja uso, akasema matope. Nikasema nataka kuona mguu wangu ulipolazwa. Hakuweza kunikatalia hilo. Tulikwenda Jumapili baada ya misa, kwa pikipiki, mguu wa bandia nimeukumbatia kama mkungu wa ndizi. Nikauvaa chini ya mti wa mfenesi, nikaingia uani kwa mama nikitembea.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliponiona aliuweka ungo chini akajifunika uso kwa kanga. Kuku mweupe alikuwepo, ana vifaranga saba, anachechemea kidogo tu, huwezi kujua mpaka uambiwe. Mama akasema, "Karibuni. Karibu, baba." Elias akajibu, "Habari za hapa." Akabaki amesimama karibu na pikipiki.

Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema. "Baba Neema," nikamwambia, "mimi ndiye niliyetaka kutoka hospitali. Mama alikataa nikalia mpaka akakubali. Na mguu ulipoanza kunuka nilijua siku tano nzima, nikamficha. Yeye amechukua lawama kwa sababu niliogopa utaniacha."

Mama akasema, "Vero, nyamaza." Nikasema nimenyamaza miezi kumi, mama, basi.

Elias alinitazama mimi, akautazama mguu, ule mzima na ule wa bandia. Kisha akageuka akatoka uani. Nilimwona akipita kando ya nyumba, akielekea mkongeni, mpaka simwoni tena. Sikuweza kumkimbilia. Hata kutembea haraka nilikuwa sijui. Nilisimama pale na uzito wote kwenye mguu mmoja, mama amenishika kiwiko, tunasikiliza kama pikipiki itawaka. Vifaranga walikuwa wanadonoa mchele uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

Wewe unayesoma, sikukatazi fundi wala sikulazimishi chuma. Mimi si daktari, nimeshasema. Nakuomba tu kwamba uamuzi ukiwa ni wako, uwe wako hata ukiharibika. Usimwachie mtu anayekupenda. Ataupokea, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Elias alirudi. Viatu vyake vilikuwa na matope mapya hadi vifundoni. Alinipita bila kuniangalia, na hakunisemesha siku mbili baada ya hapo, nilistahili. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokuwa mama, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya ungo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama akaanza kuokota mchele punje moja moja kutoka chini.

"Marahaba, baba," akasema. "Mmekula?"

Hatukuwa tumekula.